Neno Lisemwalo Kuwa Halitafsiriki

Mwezi wa Februari mwaka 2005, miezi miwili baada ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, Profesa Wangari Maathai alizuru Japani kwa mwaliko wa gazeti la Mainichi Shimbun. Huko alilisikia neno mottainai, likampendeza, akarudi nalo. Mwezi uliofuata alikuwa New York, katika kikao cha Umoja wa Mataifa kinachohusu hali ya wanawake. Akalitamka mbele ya wajumbe na kuwaomba walitamke pamoja naye. Tangu siku hizo neno hili limesafiri mbali, na kila lifikapo hutanguliwa na sifa moja: kwamba halitafsiriki. Wasemao hivyo hudhani wanalitukuza. Katika insha hii nataka kuipima sifa hiyo, maana naona imetolewa kwa haraka, na madhara yake hayawapati Wajapani. Yatupata sisi tusomao na kuandika kwa Kiswahili.

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba neno la kigeni halina mwenzake katika lugha anayoisoma huamini upesi. Hufunga kamusi, huliandika neno lile daftarini kama alivyoletewa, na moyoni hubaki na fikira kwamba Kiswahili ni ghala tupu upande ule. Nimeliona jambo hili mara nyingi kwa vijana wanaosomea ualimu katika chuo ninachofundisha, hapa Bonde la Ufa karibu na Nakuru. Ni vijana wa Molo, Njoro, Rongai, Subukia na Gilgil, wengi wao wamekuwa wakichanganya lugha tatu tangu utotoni, nao ndio wa kwanza kusema, "Hilo halisemeki kwa Kiswahili." Kabla ya kukubali hukumu hiyo, yafaa tujue kwanza ni kitu gani kisichosemeka.

Tuanze na umbo. Mottainai ni neno la sifa, yaani kile ambacho vitabu vyenu vya sarufi hukiita kivumishi. Lakini kivumishi cha Kijapani cha aina hii hakifanani na chetu. Chetu hufuata ngeli: mtu mzuri, kitu kizuri, mahali pazuri, na vile tulivyovipata kwa Waarabu, kama safi, ghali na rahisi, hukaa vivyo hivyo pasipo kiambishi. Cha Kijapani hakijui ngeli kabisa, ila chajua wakati. Mjapani akitaka kusema kwamba jambo lilikuwa mottainai jana, hubadili mwisho wa sifa yenyewe, akasema mottainakatta. Sisi kazi hiyo tumemwachia kitenzi, ndiyo sababu twasema kilikuwa kizuri. Basi mwanafunzi anayetafuta kivumishi kimoja cha Kiswahili cha kukaa mahali pa mottainai anatafuta mlango upande wa nyumba ambao fundi hakuweka mlango. Mlango upo, lakini uko upande wa vitenzi, na huko ndiko tutakakopitia.

Matamshi yasitukawize. T mbili si kosa la mpiga chapa. Mjapani hushikilia pumzi kidogo baada ya mo kabla ya kuiachia ta. Sisi hushawishika kusema motainai kwa mkupuo mmoja, na kulikaza neno karibu na mwisho wake kama tulivyozoea.

Maelezo ya kawaida ya asili yake ni kwamba limeundwa kwa sehemu mbili. Nai ni kukosa, kutokuwapo. Mottai ni neno la kale lililoguswa na dini ya Kibuddha, na maana yake ni uzito wa kitu, hadhi yake, ule ukweli wa ndani unaokifanya kiwe kilivyo. Hata leo Wajapani wana neno mottaiburu kwa mtu anayejitia makuu, ajivikaye uzito asio nao. Kwa hiyo mottainai, ukilifungua kwa nguvu, lasema kwamba hadhi imekosekana. Zamani lilitumika kwa jambo lisilofaa, la utovu wa adabu. Kutoka hapo likaja kutumika kwa jambo lililo kubwa mno kwa yule anayelipokea. Ile maana ya kupoteza kitu bure, ambayo ndiyo iliyozunguka dunia, ilizaliwa nyuma ya hizo.

Lakini asili ya neno si matumizi yake. Hebu tulitazame likiwa kazini. Mtoto ameacha punje za wali katika bakuli, na bibi yake anasema, "Mottainai!" Ndivyo asemavyo bibi wa kitabu cha watoto cha Mariko Shinju kilichotoka mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya safari ya Maathai, na kwamba msemaji ni bibi si jambo la bahati, maana neno hili lina sauti ya watu wazima waliokumbuka njaa. Mtu mwingine anataka kutupa kiti kilicholegea mguu mmoja. Mwenzake amwambia, Suteru no wa mottainai, yaani kukitupa ni mottainai. Watu wamekaa wakingoja mkutano usioanza; mmoja anung'unika, Jikan ga mottainai, na jikan ni muda. Mpaka hapa mwanafunzi huitikia kwa kichwa, ajiona amekwisha kulishika neno.

Kisha yaja haya. Mtu amepewa zawadi na mkubwa wake, ainama na kusema, Watashi ni wa mottainai. (Msomaji asidanganywe na hayo ni na wa, ambayo hapo ni ya Kijapani, watashi ni mimi.) Hakuna kilichomwagika wala kilichotupwa. Asemalo ni kwamba zawadi ile imekuwa kubwa kuliko yeye. Tena mtu akisifiwa mbele za watu aweza kujibu kwamba hayo ni maneno ya mottainai, na hamaanishi hata kidogo kwamba msemaji amepoteza maneno yake. Na majirani wakisema kwamba mke fulani ni mottainai kwa mumewe, mume ndiye wa kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo tafsiri ya mkato inapowaangusha watu. Aliyefundishwa kwamba mottainai ni sawa na "-badhirifu" atamtazama jirani anayetawanya fedha zake, kisha aseme kwa Kijapani kwamba mtu yule ni mottainai. Mjapani atamsikia akisema kwamba yule ni mtu wa thamani kupita mahali alipowekwa, labda fundi hodari aliyepewa kazi ya kufagia. Alikusudia kulaumu, akasifu. Wala kosa hilo halitokani na ugumu wa Kijapani. Latokana na kujifunza neno kwa kulipachika neno jingine mgongoni, bila kuuliza lasemwa na nani, kwa nani, na juu ya kitu gani kilicho mbele yao.

Niliwapa wanafunzi wangu sentensi hizo zote wazitafsiri, nikawaonya tu kwamba hawaruhusiwi kutumia neno moja katika sentensi zote. Kwa zawadi waliandika "Sistahili," na mmoja akaandika "Umenipa kilichonizidi," ambalo naliona bora, maana kitenzi kuzidi kinaweka kitu juu na mtu chini, kama Kijapani kinavyofanya. Kwa mke na mume hawakufikiri hata dakika moja: "Mke yule kamzidi." Kwa kiti wakaandika "Si cha kutupa hiki," na wengine "Bado kina kazi." Kwa muda, "Muda unakwenda bure." Hakuna aliyekwama. Lile neno lisilotafsirika lilikuwa limetafsirika mara nne katika saa moja, kwa maneno ambayo mama zao huyatumia sokoni na jikoni. Kilichobaki ni swali gumu zaidi: je, katika kuligawa neno vipande vinne, kuna kitu kilichotuponyoka?

Naamini kipo, na mfano wa maziwa utatuonyesha. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mvua zilikuwa zimerudi baada ya ukame mkali, majani yakajaa, ng'ombe wakatoa maziwa kupita uwezo wa viwanda kuyapokea, na katika nchi hii wako wakulima walioyamwaga maziwa yao chini. Watu wa Bonde la Ufa, ambako ng'ombe wa maziwa ni karo ya shule na ni chakula cha jioni, hawakuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Neno lililosemwa zaidi lilikuwa hasara. Ni neno la kweli, lakini litazame linapima nini. Hasara hupima mfuko wa mwenye mali. Mkulima yule akilipwa fidia kesho kwa kila lita aliyomwaga, hasara yake imekwisha; hana tena neno la kusema. Lakini maziwa yangali mchangani. Mjapani angekuwa bado na neno la kusema, kwa sababu mottainai halikuwa juu ya fedha za mkulima. Lilikuwa juu ya maziwa.

Tujaribu mengine. Ubadhirifu hutaka mkosaji. Lazima awepo mbadhirifu, na siku hizi neno lenyewe limehamia mahakamani na katika taarifa za wakaguzi wa fedha za umma. Mkulima wa mwaka 2010 hakuwa mbadhirifu. Israfu hupima kiasi: umetumia kupita mpaka. Yeye hakutumia kupita mpaka wowote. Kupoteza bure hupima faida, nalo lakaribia, ila ni maneno baridi, yaweza kusemwa na karani anayejaza hesabu bila kuinua macho.

Neno la karibu kupita hayo yote, kwa maoni yangu, ni kufuru, na ajabu ni kwamba wanafunzi wangu hawakulileta mpaka nilipowaomba wafikirie chakula. Katika nyumba za Waswahili wa pwani mtoto akichezea chakula huambiwa asikufuru neema. Kipande cha mkate kikianguka njiani huokotwa kikawekwa kando, pasipokanyagwa. Hapo pana kila kitu tunachokitafuta: chakula kina cheo, na anayekitupa amejipandisha juu ya cheo hicho. Lakini kufuru nalo lina mizigo miwili. Kwanza, uzito wake unatoka kwa Mtoaji wala hautoki kwa kitu chenyewe. Asiyeamini hawezi kulisema kwa moyo wake wote. Na vijana wa huku bara, walioanza kulisikia kanisani, hulichukua kuwa ni kumtukana Mungu tu. Kulitumia kwa kikombe cha maziwa waona ni kutia chumvi. Pili, neno limeanza kuharibika mikononi mwa waandishi wa magazeti. Someni habari za matajiri na harusi zao: jumba la kufuru, fedha za kufuru. Lililokuwa lawama limekuwa mshangao, na mshangao ule una wivu ndani yake. Sijui kama lugha nyingine imelifanyia neno lake la kuonya jambo la namna hii, kuligeuza tangazo la kile lilichokuwa likikikataza.

Pendekezo lililonishughulisha zaidi lilitoka kwa msichana wa upande wa Molo. Alipoulizwa watu wa kwao wangesema nini mbele ya maziwa yanayomwagwa, akajibu, "Masikini maziwa!" Darasa lilicheka. Mimi nimelifikiri jibu lile kwa muda mrefu. Masikini twamwambia mtu aliyepatwa na lisilomstahili. Kuliambia maziwa ni kuyapa uso, ni kukiri kwamba yametendewa jambo. Hakuna hesabu hapo wala mkosaji, na halitaki msemaji awe wa dini yoyote. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: masikini hushusha. Lamtazama aliyepatwa kwa huruma kutoka juu, hali mottainai hutazama kutoka chini kwenda juu, kama yule aliyepokea zawadi iliyomzidi. Hata hivyo, kama ningelazimishwa kuchagua baina ya "masikini maziwa" na "ubadhirifu wa maziwa," nisingesita.

Hapo sasa twaweza kusema kilichoponyoka. Katika Kijapani, aachaye punje za wali na apokeaye zawadi kubwa hutumia neno moja, kwa sababu wote wawili wamesimama mbele ya kitu kilichowazidi. Yule wa zawadi amekiri. Yule wa wali ameambiwa akiri. Wali nao una hadhi, na wewe si mkubwa kiasi cha kuuacha. Sisi tumeyaweka mambo haya katika vyumba viwili: huku unyenyekevu, kule uwekevu. Methali zetu za uwekevu zasikika wazi zikiwa chumbani mwao. Akiba haiozi ni shauri kwa mwenye akiba. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni chako. Hata Usiache mbachao kwa msala upitao, ambayo naipenda kwa kuwa yautetea mkeka mkuukuu, hautetei kwa ajili ya mkeka. Yakuonya usije ukalala chini. Nasema haya bila kuzidharau methali. Nasema tu zinamtazama nani.

Turudi kwa Maathai, maana yeye ndiye aliyelifikisha neno hili kwetu, na mhakiki hana budi kuuliza kama alilifikisha zima. Alilieleza kwa maneno matatu ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi R, ambayo wapenda mazingira wameyazoea: kupunguza matumizi, kutumia tena, na kukitengeneza upya kilichochakaa. Kisha akaongeza la nne linaloanza kwa herufi hiyo hiyo, nalo ni heshima. Katika Kiswahili mchezo wa herufi hauonekani, na naona ni heri, kwa sababu ule mchezo unayafanya maneno manne yaonekane ndugu wa tumbo moja. Sivyo yalivyo. Matatu ya kwanza ni kazi za mikono. Mtu aweza kuzitenda zote kwa ubahili. La nne ni hali ya moyo, nalo ndilo mottainai lenyewe. Matatu yale ni matunda yake. Maathai aliliona hilo, ndiyo sababu aliliongeza. Ila kwa kuliweka mwisho aliwaruhusu wafuasi wake walichukue kama nyongeza. Walilichukua hivyo. Katika kampeni iliyoanzishwa Japani baada ya ziara yake neno lilichapwa kwenye fulana na mifuko, na fulana mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya neno linalotuomba tuvitunze vya zamani ni kitu cha kuchekesha kidogo. Walau faida ya kampeni ile ilisaidia kupanda miti huku kwetu.

Ni haki pia kusema palipo nguvu yake. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alitangaza furoshiki iliyopewa jina la neno hili, naye Maathai akaisifu furoshiki mbele ya watu. Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitu: chakula, vitabu, chupa, chochote. Mama yeyote aendaye soko la Nakuru na leso yake hahitaji maelezo zaidi. Leso hiyo asubuhi imembeba mtoto, adhuhuri imefunga viazi, jioni imekuwa kata ya kuwekea mzigo kichwani, na ikichakaa huwa kitambaa cha jikoni. Hakuna aliyewahi kuipa jina la kampeni. Hapo Maathai alifundisha kama mwalimu mzuri, kwa kitu kinachoshikika, na msikilizaji wake wa Kiafrika aligundua kwamba anakijua kitu hicho tangu mgongoni mwa mama yake.

Nguvu yake nyingine imo katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, kilichotoka mwaka huo huo wa 2006. Humo asimulia kwamba alipokuwa mtoto huko Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, mtini ambao kwao ni mti wa Mungu. Haukatwi, hauchomwi, hautumiwi. Angalieni: hili si fundisho la uwekevu. Mtoto hakuambiwa atumie kuni chache za mugumo. Aliambiwa kwamba kuna kitu mbele yake ambacho hakiko hapo kwa ajili ya meko yake. Basi Maathai alikuwa na maana ya kwanza kabisa ya mottainai, ile ya kale ya adabu mbele ya kilichomzidi, miaka zaidi ya hamsini kabla ya kulisikia neno. Nadhani ndiyo sababu alilitambua upesi kiasi kile. Mgeni hulipenda neno la kigeni kwa sababu limefunika kitu alichokuwa nacho bila kifuniko. Ingekuwa kweli halitafsiriki, asingalilielewa.

Lakini hata yeye, alipohitaji kuutetea msitu wa Mau, hakuweza kutegemea adabu peke yake. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi ya msitu. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit, inayoingia katika Ziwa Nakuru, hutoka upande huo. Watetezi wa msitu, na Maathai miongoni mwao, walisema kwa lugha ya hesabu: maji, mvua, majani chai, umeme, watalii. Walikuwa na haki, na sidhani bunge lolote lingaliwasikiliza kwa lugha nyingine. Ila hesabu hujibiwa kwa hesabu. Aliyepewa shamba pale Mau naye alikuwa na yake: magunia ya viazi, karo, watoto wa kulisha, na mbele ya mizani ya faida hakuna wa kumwambia kwamba gunia lake ni jepesi kuliko mtalii. Mwerezi wa miaka mia mbili unaokatwa ili kuchomwa makaa ni hasara kwa wengine na faida kwa mwingine. Neno linaloutazama mwerezi wenyewe, kwanza, kabla ya kuuliza ni wa nani, halikusikika sana katika mabishano yale. Katika kitabu chake cha mwaka 2010, Replenishing the Earth, Maathai alilirudia mottainai na kuliweka pamoja na shukrani na heshima kwa mali za dunia, mbali kidogo na takwimu. Naona hapo alilitendea neno haki zaidi kuliko katika hotuba zake za kwanza. Wasomaji wengi, hata hivyo, hunukuu hotuba.

Tutalitafsirije, basi? Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni kwamba aache kulitafuta neno na aitafute sentensi. Ajiulize kwanza: kitu gani kimesimama juu hapa, na nani amesimama chini? Akiisha kujua, Kiswahili kitampa kuzidi, kustahili, kukufuru, kuwa na kazi bado, kutokuwa cha kutupa. Akitaka kulibakiza neno lenyewe, alibakize, kama tulivyolibakiza neno karate, lakini alionyeshe likiwa kazini angalau mara mbili: mara moja mbele ya bakuli la wali, na mara moja mbele ya zawadi. Atakayeonyesha la kwanza peke yake amemletea msomaji nusu ya mzigo, tena nusu iliyo nyepesi.

Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza kwamba asizikwe katika sanduku la mbao, na watu wake wakalitimiza agizo hilo tarehe 8 Oktoba katika maziko ya kitaifa. Jeneza lake lilikuwa na kiunzi cha mianzi, likasukwa kwa mafunjo na magugu maji yaliyokaushwa. Magugu maji ni yale yale ambayo wavuvi wa Ziwa Viktoria wameyalaani kwa miaka mingi, kwa kuziba njia za mitumbwi na kunasa nyavu. Hung'olewa na kurundikwa ufukoni yaoze. Mwaka huo yalikatwa, yakakaushwa, yakasukwa kwa uangalifu, na kutumiwa mahali pa mwerezi.